Niliomba Nyumbani kwa Askari

Mama,

Karatasi hii nimeichana katikati ya daftari la hesabu la Kavira, na akirudi kutoka kisimani atanigombeza kwa sauti yako kabisa. Sijui barua ya mtu aliyekufa inapelekwa wapi. Nilimwuliza katekista, akanitazama kidogo, akasema, "Andika tu, Mama Kavira. Iko maneno yenye haiwezi kubaki ndani ya mutu." Basi naandika.

Miaka tisa nimekaa na wewe nikikuita Mama kwa sababu ulimzaa mume wangu. Leo nakuita hivyo bila kulazimishwa na mtu.

Nikupe habari kwanza, kwa maana wewe ulizitaka kabla hata mtu hajakaa. Bado tuko Bulengera, ila tumeshuka chini, karibu na njia kubwa, katika chumba alichotuazima dada yake Mama Lusi. Mama Lusi mwenyewe anakaa chumba cha pili. Ndiye yule yule uliyempachika jina Redio, na anaendelea kutangaza kila kitu. Mvua za pili tangu uondoke zimeanza juma lililopita. Kavira ameingia mwaka wa tatu shuleni. Anajua kusoma vizuri, lakini mawingu yakijikusanya tu anavaa viatu, na analala navyo. Nilijaribu kumvua mara mbili. Sasa namwacha.

Kambale hajarudi. Neno hili naliandika mapema ili usilitafute chini ya karatasi.

Mama, nina neno ninalotaka kukuambia, na naona nalizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Ngoja nianze mbali.

Unakumbuka tulivyotoka Kayna. Vita vilipita katika barabara yetu, wakaja hawa, wakaondoka, wakaja wengine wenye kofia tofauti, na kila kundi lilitaka mbuzi zetu zile zile. Wewe ulibeba chungu na rozari, mimi nilimbeba Kavira, Kambale akabeba godoro. Hapa Bulengera, pembeni mwa Butembo, viwanja vya chini vilikuwa na wenyewe. Sisi wakimbizi tulipanda juu, kwenye mteremko. Kambale alichonga kilima kwa jembe mpaka akapata mahali pa nyumba, na majirani wakachonga juu yetu, na wengine juu yao. Mikaratusi yote iliyoshika udongo ule tuliikata kwa kuni na mbao. Hakuna aliyeikata kwa ubaya. Watu walihitaji kupika.

Halafu Kambale akaanza kusindikiza kabichi na viazi kwenye lori la kwenda Beni, na siku moja lori likapatikana kando ya njia, kabichi zimemwagika. Msaidizi wa dereva alitoka porini baada ya siku mbili. Alisema watu wenye silaha waliwachagua wanaume wenye nguvu wabebe mizigo, na Kambale alikuwa wa kwanza kuchaguliwa kwa sababu ya mabega yake. Mabega uliyojivunia wewe.

Tangu siku ile wewe ulizidisha kuomba na mimi nikapunguza. Ulikuwa kiongozi wa shirika letu, zile nyumba kumi na mbili za kilimani zilizosali pamoja kila Alhamisi kwa zamu, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Asubuhi ulinigusa mguu. "Lamuka, Mama Kavira. Jua hapana kututangulia." Mimi niliamka, nikapiga magoti nyuma yako, nikahesabu nyufa za ukuta. Ulijua. Hukusema. Ndiyo maana nilikukasirikia zaidi: uliongea na Mungu kuhusu Kambale kama mtu anayeongea na mwenye duka kuhusu mzigo uliochelewa njiani, na mimi nilikuwa nimeshaacha kungoja.

Sasa nafika.

Siku ya mlima ilikuwa Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne, na asubuhi ile jua likatoka, tukafurahi, tukatandaza blanketi nje. Shirika lilikuwa lije kwetu mchana. Koo lilikuuma, ukaniomba niongoze mimi fungu moja tu la rozari. Moja tu. Nilikuwa nimeshika ndoo. Nikakuambia, na majirani walisikia, "Mama, omba peke yako. Huyo Mungu wako alichukua mwanao na hakutoa hata jibu. Mimi simujui tena."

Nilidhani utalia. Ukanitengenezea kitenge kilichokuwa kinateleza begani kwangu, ukasema, "Basi nitamuambia kwamba umechoka."

Nikamshika Kavira mkono tukashuka kisimani. Sikukuaga.

Tulikuwa tunajaza ndoo ya pili niliposikia sauti kama malori mengi yanapanda pamoja. Wanawake wakasema ni mabomu, tukalala chini, kwa sababu miaka ile kila kishindo kilikuwa bomu. Nilipoinua kichwa, upande wetu wa kilima haukuwepo. Palikuwa na udongo mwekundu, mbichi, unatoa mvuke kwenye jua, na manjanja, mabati ya mapaa, yamekunjwa humo kama karatasi.

Sitakuandikia siku ile yote. Nilichimba kwa sufuria. Nilikuita Mama, nikakuita kwa jina lako la utotoni lile dada zako walilolitumia, nikakutukana pia, ili ukasirike uitike.

Jioni askari walipanda kutoka kituo chao cha chini. Watu wengine walikimbia walipowaona. Mmoja wao, mrefu, mwembamba, mtu wa jimbo la mbali la Equateur, jina lake Bosenge, hakumwuliza mtu chochote. Alikuwa na koleo. Alianza pale nilipokuwa nachimba mimi, akachimba mpaka giza, kesho yake akarudi peke yake, na kesho kutwa tena. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Aliniuliza tu, "Mama yako?" Nikasema, "Mama ya bwana yangu." Akaitika kwa kichwa.

Siku ya tatu, adhuhuri, koleo lake lilifunua ncha ya kitenge chako cha njano. Akalitupa koleo mbali. Akapiga magoti, akaendelea kwa vidole, polepole, akiondoa udongo kama mtu anayechambua mchele, ili chuma kisikuguse. Kucha zake zilitoka damu. Mimi nilisimama pale na sufuria yangu, na sikusema asante. Nilitazama viatu vyake vya jeshi. Niliwaza: viatu kama hivi ndivyo vilivyotembea na Kambale kuingia porini.

Tulipokutoa wote, alivua kofia, akaanza Baba Yetu kwa Kilingala. Watu wakamfuata, huyu kwa Kiswahili, huyu kwa Kinande, kila mtu na maneno yake, wakafika mwisho pamoja. Mimi nilifunga mdomo. Niliuma meno mpaka taya likaniuma.

Tulikuzika pamoja na majirani wengine wa kilima siku moja. Padri alikuja na potopoto ya matope mpaka magotini. Alisoma Injili, akafunga kitabu, akatutazama, akasema, "Bapendwa, leo mimi sina mahubiri." Akakaa chini kwenye majani, pamoja nasi. Muda mrefu. Baadaye mhubiri mmoja wa njiani alikuja shuleni tulikolala, akatuambia mlima ulianguka kwa sababu ya dhambi zetu. Mama Lusi alimwuliza dhambi ya mtoto wa miezi minne ni ipi, akamfukuza kwa ufagio. Ningekuwa na nguvu ningecheka.

Alhamisi ya pili nikiwa shuleni, nimekaa barazani, naona watu wa shirika letu wanakuja na majembe begani. Wale waliobaki. Mama Lusi mbele.

"Leo ni zamu ya kwenu," akasema.

"Sina nyumba."

"Tunaona. Lakini zamu hapana kuanguka na nyumba."

Nikamwambia mbele ya wote kwamba mimi siombi, nimeacha. Nilitaka waondoke. Mama Lusi alitandika mkeka. "Hapana kuomba. Ukae tu hapa katikati. Sisi tutaomba, na weye utakuwa ndani yake." Wakaomba. Nilikaa katikati yao kama gunia. Walipomaliza wakachukua majembe, wakapanda kilimani kuchimba mifereji ya kukata maji na kupanda majani ya matete, ili upande uliobaki usitufuate. Niliwafuata. Wakati ule jembe nililiweza. Baba Yetu sikuiweza.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi mingi, Mama. Kila Alhamisi nilikaa katikati, kisha nikachimba. Hakuna aliyenihimiza. Lakini ndani nilikuwa na lile neno langu, na sikumwambia mtu kwamba nalibeba. Nilikuwa nikijisemea: alikufa akibeba neno langu. Udongo ulimfunika na neno langu likiwa sikioni mwake. Mtu aliyesema neno kama hilo anaanzaje kusema "Baba"?

Kisha ilikuja asubuhi moja ya kiangazi. Nilikuwa namenya mihogo mlangoni. Watoto waliokuwa wanacheza wakanyamaza ghafla, nikainua macho. Bosenge alikuwa amesimama uani, bila bunduki, kofia mkononi. Sikuwa nimemwona tangu siku aliyokufukua.

"Mama," akasema, "mwana na ngai akufi." Halafu akatafuta Kiswahili chake. "Mutoto yangu. Amekufa leo asubui. Homa."

Nikamwambia pole. Neno lilitoka lenyewe, ni desturi.

Hakuondoka. Alisema mkewe Antoinette yuko nyumbani na mtoto mapajani na hataki kumwachilia. Padri amekwenda Beni, njia imefungwa, hajulikani atarudi lini. Katekista yuko Lubero kwa kilio cha msiba. Majirani wanafunga milango, kwa sababu wao ni familia ya askari. "Hapa hatuna mutu. Tunatoka mbali. Mimi najua weye tu." Akatazama chini. "Nilikuwa mu kilio yako."

Mama, nilikuwa nimeshika kisu na muhogo, na nilisikia moyo wangu unakataa. Nikamwuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu lori lile. Nikamwambia, "Bwana yangu, balimupeleka wapi?"

Angeweza kukasirika. Angeweza kusema hajui maneno yangu. Alifikiri, jasho linamtoka, akasema, "Sijui, mama. Sikukuwa kule. Lakini siwezi kusema kwamba baaskari bandugu yangu habafanyake vile. Banafanyaka." Kisha akasema, "Pardon."

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba msamaha kwa ajili ya Kambale. Wala mkubwa, wala mdogo.

Niliweka kisu chini, nikanawa mikono. Mama Lusi alitoka chumbani kwake, macho makubwa. "Unaenda kule? Kwa baaskari?" Nikasema, "Ninaenda." Akaniita mpumbavu. Nilipofika kwenye mfereji nikageuka, nikamwona anakuja nyuma yangu, hatua ishirini, kitambaa kichwani na beseni la unga mikononi, bado anagomba peke yake.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, chumba kimoja, nyuma ya kituo. Askari watatu walisimama nje, wanaume wakubwa wasiojua mikono yao waiweke wapi. Ndani Antoinette alikaa kwenye mkeka. Alikuwa msichana tu, Mama. Mtoto amefungwa katika shati la baba yake. Jina lake Trezo, wiki sita. Niliingia, nikakaa karibu naye, nikagusa goti lake, na wote wakaingia nyuma yangu wakasimama.

Nikaelewa wananingoja mimi.

Nilitafuta maneno yako, yale ya alfajiri, niliyoyasikia miaka tisa nikihesabu nyufa. Hayakuja. Kilichotoka ni sauti mbaya, kavu, ikisema, "Mungu, tumechoka." Hilo tu. Na nilipolisema nikakumbuka kwamba hiyo ndiyo habari uliyoniambia utampelekea. Niliona kana kwamba nabisha mlango na mtu wa ndani anasema, nimeshaambiwa, ingia.

Nikaanza Baba Yetu. Nilienda vizuri mpaka mahali pa kusamehe. Hapo nilikwama. Nilisema "utusamehe" na sikuweza kuendelea. Niliona lori, niliona kabichi. Askari mmoja akakohoa. Ndipo Antoinette, yule aliyefiwa, ambaye hakuwa amesema neno tangu alfajiri, akauchukua mstari ule kwa Kilingala, kwa sauti ndogo ya kupasuka, akauvusha ng'ambo. Mimi nikaupokea upande wa pili nikamaliza. Kisha akaniwekea mtoto mikononi mwangu.

Tulimzika Trezo mchana ule. Mama Lusi ndiye aliyemwosha. Aliwaamuru wale askari kama watoto wake: "Weye, leta maji. Weye, chimba pale, hapana pale, pana majiwe." Nao wakatii.

Wakati wa kurudi nililia kwa ajili yako, mara ya kwanza tangu mlima. Nilikaa kando ya njia, siwezi kutembea. Mama Lusi akakaa pia, na hapo nikamwambia. Neno lote, lile la asubuhi ya ndoo, jinsi lilivyotoka. Nikamwambia ndilo la mwisho ulilolisikia kutoka kwangu.

Akanitazama kwa mshangao. "Lakini aliniambia."

Nikasema, "Alikuambia nini?"

Akanieleza kwamba asubuhi ile, mimi nikiwa nimeshuka kisimani, ulipitia kwake kuazima mkeka wa shirika. Yeye alikuwa anafunga mlango aende soko. Ulikuwa unacheka. Ulimwambia, "Mukamwana wangu anagombana na Mungu. Niko na furaha. Mutu hapana kugombana na mutu mwenye hayuko." Kisha ukamwuliza kama ana chumvi kidogo, kwa sababu ulitaka kunipikia maharagi nikirudi.

Mama. Chumvi.

Nilimwuliza Mama Lusi kwa nini hakuniambia miezi yote ile, yeye anayetangaza kila kitu. Akasema, "Sikujua kama ulikuwa unabeba ile."

Usidhani tangu siku ile nimekuwa mtu mwingine. Sikuona mwanga. Nimechoka vile vile, mgongo unaniuma vile vile, na bei ya mahindi haijasikia habari zangu. Ila asubuhi naamka mwenyewe, bila kuguswa mguu, na nikipiga magoti nasema jinsi mambo yalivyo. Mara nyingi ni malalamiko. Siku nyingine sina neno, nakaa tu, kama padri yule kwenye majani. Naamini ananisikia. Siwezi kukueleza kwa nini. Mlima ulianguka na haukurudi juu, na nyumba zetu ziko chini yake, na mimi naamini. Nilipoanguka nilikuta watu wamekaa pale chini wakiningoja na mkeka, na mmoja wao alikuwa na viatu vya jeshi. Sijui kuita kitu hicho kwa jina lingine.

Kilimani kumetulia. Matete yameshika. Mvua hizi za sasa tumepanda kila siku kutazama mifereji, na maji yanafuata njia tuliyoyaonyesha. Tumeomba watu wapya wasijenge upande ule. Wengine wanasikia, wengine hawana pa kwenda.

Bosenge na Antoinette wamehamishiwa Beni. Waliniaga vizuri. Antoinette ana mimba tena na anaogopa. Wapo watu wanaoniita mama wa askari, na mwanamke mmoja ambaye mwanawe naye alichukuliwa hanisalimii. Simlaumu. Nikimwona namsalimia mimi kwanza, naendelea na njia yangu.

Shirika wameniomba nichukue mahali pako. Nimekataa mara mbili. Niliwaambia mtu anayekwama katikati ya Baba Yetu hawezi kuongoza wengine. Mama Lusi akasema wote wanakwama pale, ila wanapita haraka ili isionekane. Juzi nimekubali.

Kwa hiyo nakuaga, Mama, kwa maana Kavira nasikia anarudi na ndoo na bado sijaficha daftari. Pumzika. Umsalimie mzee wako, na kama Kambale yuko huko pamoja nanyi, mwambie Kavira anajua kusoma. Kama hayuko huko, endelea kumwulizia, nami nitaendelea kuulizia huku, kwa kila lori linalotoka Beni.

Na ahadi yangu ni hii. Alhamisi hii nitaongoza, mara ya kwanza. Nitamtaja Kambale kwa jina, kwa sauti, kama ulivyofanya. Baada yake nitawataja wale waliomchukua. Majina yao siyajui, itabidi niseme tu "wale". Sijui kama sauti itatoka. Nikikwama, watu wako wamekaa pale katikati pamoja nami, na nitangoja mpaka mmoja wao aninyanyue, kisha nitaendelea.

Wasingya, asante, Mama.

Mwanao,
Kahindo